Maziwa Hayana Neno

Tangu asubuhi Robi Magaigwa alikuwa hakaliki. Kila alipokalia kiti chake mbele ya skrini alijiona kama amekalia siafu, akainuka, akazunguka meza ya maabara, akarudi kusoma matokeo yale yale, nayo yakabaki yale yale. Kichanga mmoja katika wodi ya bondeni alikuwa amepewa matone ya Ndama, akaongezewa, na homa haikushuka.

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Vidonge vya zamani vya kuua bakteria vilikuwa vimegeuka peremende siku nyingi. Bakteria walikuwa wamevizoea, na wauguzi walivigawa kwa aibu tu, ili mgonjwa asirudi nyumbani mikono mitupu. Ndama ndiye aliyebaki. Kati ya kichanga mwenye homa ya utumbo na kaburi hapakuwa na kitu kingine, na Ndama huyo Robi ndiye aliyemzalisha.

Jina lisikudanganye. Ndama huyu hakuwa na kwato wala mkia. Ndani ya maziwa ya ng'ombe mna protini iitwayo kasini, mnyororo mrefu kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ukiukata mahali panapofaa unapata kipande kifupi ambacho bakteria hakipendi hata kidogo: kinajibandika kwenye ngozi yake, kinaitoboa, na vilivyomo ndani vinavuja. Maziwa yenyewe yana vipande vya namna hiyo, ila ni dhaifu. Kazi ya Zizi, mashine kubwa ya Kituo cha utafiti alikofanya kazi Robi, ilikuwa kubadili shanga moja moja na kukisia ni kipande kipi kitatoboa vizuri zaidi bila kumdhuru mtoto. Kila kipande kilichopendekezwa kiliitwa ndama, kwa sababu mhandisi wa kwanza alikuwa mtu wa utani, na wengi wao walikufa kabla hawajatoka kwenye skrini.

Aliyeishi walimpandikiza ndani ya kasini ya ng'ombe wenyewe. Akawa analala humo bila kazi, kwenye kila kikombe cha maziwa, mpaka afike tumboni mwa mtoto, ambako kimeng'enya kinamkata kutoka kwenye mnyororo na kumwachia aende kazini. Robi alikuwa amejivunia sana wazo hilo la kumlaza. Dawa inayosubiri ikatwe ndipo iamke, nani angeichezea?

Sasa Zizi lilikuwa limemsoma bakteria wa yule kichanga toka mwanzo hadi mwisho na kukuta kitu kipya, kimeng'enya kinachofanya kazi ya mkasi. Kinamkamata Ndama, kinamkata katikati, na Ndama aliyekatwa katikati hatoboi chochote. Mkasi peke yake ungekuwa msiba, lakini msiba unaoeleweka. Kilichomnyima Robi kukaa ni kwamba maelekezo ya mkasi ule yalikuwa kwenye kipande cha vinasaba kinachohama, kile ambacho bakteria hupeana kama jirani anavyoazima chumvi, na kipande hicho hakikuzaliwa hospitalini. Kilikuwa na alama zote za bakteria wanaogandisha maziwa.

Akaliamuru Zizi litafute ndugu za kipande hicho katika ghala lote la sampuli. Jibu likaja moja tu. Ilikuwa chupa ndogo ndani ya friza, yenye mwandiko wake mwenyewe: kibuyu cha mama.

Aliichukua alipoajiriwa, kwa mapenzi tu, kama mwingine anavyoweka picha ya wazazi mezani. Katika sampuli ile ya zamani mkasi haukuwapo, ila majirani zake wote kwenye mnyororo wa vinasaba walikuwapo, kila mmoja mahali pake. Maana yake mkasi ulikuwa umezaliwa baadaye, ndani ya kibuyu kile kile. Hapo Robi akaketi.

Kwao mlimani mtoto anayefanya kazi na ng'ombe haendi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kila alipokwenda kumsalimu mama yake, Robi alibeba madumu ya maziwa ya ng'ombe wa Kituo, yaliyozidi mahitaji ya wodi. Yalikuwa yamepimwa na kupimwa tena. Mtu mzima angekunywa ndoo nzima asipate neno. Hilo ndilo lililomponza. Alimwona mama yake akinywa, kichwani mwake, kikombe cha maziwa mabichi pamoja na chai ya asubuhi, kama wanavyokunywa watu wa mjini. Alikuwa amekaa bweni tangu utotoni, akasahau kwamba mlimani hakuna mtu mzima anayekunywa maziwa mabichi. Hayo ni ya ndama, wale wenye kwato. Maziwa ya watu huingia kwenye kibuyu kwanza.

Na ndani ya kibuyu wamo bakteria wenye njaa, ambao ili wale kasini lazima waikate. Waliikata, Ndama akaamka humo humo, akawaua kwa maelfu na maelfu. Wachache waliosalia, wenye mkasi, wakarithi nyumba. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kinafukizwa moshi, na mtindi wa chini unabakizwa ili ugandishe wa kesho. Hivyo kila siku walionusurika wakaletewa maziwa mapya na Ndama mpya wa kujifunzia. Robi alikuwa amewafungulia shule, na karo akalipa mwenyewe kwa madumu.

Mama yake, Ghati, ndiye mwenye kibuyu mama wa mlima mzima. Kila bibi harusi anayeolewa pale huingia jikoni kwake na kutoka na kata moja ya mtindi wa kuanzia kibuyu chake. Mama wa kichanga aliyelala wodini alikuwa ameolewa mlimani hapo mwaka uliopita.

*

Dokta Elinami Kweka, mkurugenzi wa Kituo, alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kila alipopewa habari mbaya, na siku hiyo aliifuta mpaka Robi akatamani kumpokonya. Alipomaliza akauliza maswali ya msingi. Bakteria wa mtindi hukaa tumboni kwa muda gani? Robi akamwambia kwamba hawaoti mizizi; mtu akiacha kuwanywa, baada ya majuma machache wanakuwa wameondoka. Na vibuyu vyenyewe viko wapi? Mlimani pale pale, kwa kadiri alivyojua. Watu wa mlima ule hawauzi mtindi wao.

Basi, akasema Elinami, bado wako ndani ya uzio. Yule kichanga atengwe, vibuyu viteketezwe vyote, na mkasi utakufa pamoja na nyumba yake. Ng'ombe wa Kituo wasitoe tena hata tone nje ya wodi. Robi akakubali yote hayo. Akasema kesho ataenda kwa mama yake na kumweleza kilichotokea, toka madumu mpaka mkasi.

Elinami akaivaa miwani yake.

"Hapo ndipo ninapokuomba ufikiri," akasema. "Ukitamka kwamba maziwa yetu ndiyo yamezaa ugonjwa usiosikia dawa, habari itafika wodini kabla yako. Hakuna mama atakayekubali mwanawe apewe matone. Na kwa hao wengine wote Ndama bado anafanya kazi, Robi. Leo asubuhi ameshusha homa ya watoto watatu."

Robi akauliza ataambiwa nini mwanamke anayechomewa kibuyu alichopewa na mama mkwe wake, aliyekipata kwa mama mkwe wake naye. Elinami akasema ataambiwa kuna kuvu kwenye kuta za kibuyu. Kuvu ipo kweli duniani na inaua kweli. Vibuyu vya sehemu nyingine vimewahi kuteketezwa kwa sababu hiyo. Lawama iende kwenye kuta, maziwa yabaki na jina lao. Atakuwa amedanganya kuhusu kibuyu, siyo kuhusu mtu.

"Ni mama yangu," Robi akasema.

"Na wale ni watoto wa watu."

Tusimpake Elinami matope yote. Robi alitoka ofisini mle akijiambia kwamba amelazimishwa, ila mtu aliyelazimishwa hapumui kwa wepesi vile. Alikuwa ameona mlango wa kupita bila kumtazama mama yake machoni na kumwambia, sumu ilitoka kwangu, nilikuletea kama zawadi. Akaupita mlango huo, na njia nzima ya kwenda nyumbani kwake akawa anabadilisha vituo vya redio ya gari bila kusikiliza hata kimoja.

*

Ghati alimkuta binti yake uani kabla hajagonga. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ulikuwa na afya kuliko magoti yake. Akamshika Robi mkono, akaugeuza kama anayepima mahindi sokoni, akauliza kama huko Kituoni chakula wanapewa ng'ombe peke yao. Weisiko, mke wa kaka yake Robi, akacheka kutoka jikoni. Alikuwa na mimba kubwa, na wiki ile alitarajia kuvuka mpaka kwenda kujifungulia kwa mama yake upande wa pili, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza.

Jikoni palikuwa na moshi mtamu. Kibuyu kilikuwa mapajani mwa Ghati, cheusi kwa miaka, shingo imezungushiwa ngozi iliyoshonwa na mikono ambayo hakuna aliye hai aliyeishika. Ghati alikuwa akikifukiza kwa kijiti chenye kaa, akikizungusha polepole. Robi akaanza kueleza habari ya kuvu. Alieleza vizuri mno, kwa maneno yaliyopangwa, na alipokuwa anaeleza alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi na kurudi. Vibuyu vyote vya mlima, akasema, vichomwe keshokutwa. Atakuja mwenyewe na gari la Kituo kusaidia.

Mama yake hakunyanyua macho. Aliendelea kuzungusha.

"Ugonjwa uko kwenye kuta?"

"Kwenye kuta, mama. Unajificha ndani ya gamba."

"Na maziwa?"

Swali lilikuwa pale, jepesi, limewekwa mbele yake kama kigoda. Angeweza kulikalia na kusema yote. Akafikiria wodi, akafikiria watoto watatu walioshuka homa asubuhi ya jana yake, akafikiria pia madumu yake, na yale madumu ndiyo yaliyoamua.

"Maziwa hayana neno," akasema.

Ghati akakitoa kile kijiti na kukizima kwenye jivu. Akasema kwamba kama maziwa hayana neno basi kibuyu ni kibuyu tu, kinaoteshwa kingine shambani. Wanawake watalia, naye atalia nao, lakini atawaambia. Akamwambia Weisiko amletee binti yake chakula kabla upepo haujambeba.

Robi alikula akiwa amesimama. Alipokuwa anaondoka mama yake alimwita karibu, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamuuliza kama kuna lingine. Robi akasema hakuna.

*

Siku ya kuchoma, gari la Kituo lilibeba mapipa ya dawa ya kuulia bakteria. Robi alikuwa amepanga kila kitu. Mtindi utamiminwa kwenye mapipa, vibuyu vitaingia motoni, yeye atasimama hapo mpaka kibuyu cha mwisho. Gari lilikwama kwenye tope la daraja, na muda wote wa kulisukuma alikuwa akiangalia mlima, akiona moshi mwembamba unaopanda, akijiambia ni moshi wa jikoni kwa mtu.

Haukuwa wa jikoni. Walipofika uani kwa Ghati, moto ulikuwa umeshakula, limebaki rundo la jivu na makaa, na pembeni yake wanawake wa mlima wameketi kama watu waliotoka mazikoni. Wengine walikuwa wamenyoa nywele. Vibuyu vyote vilikuwa vimechomwa, hakuna aliyebania chake. Ghati akaja kumpokea, macho mekundu, akamwonyesha jivu kwa mkono wazi.

Robi akaona aibu na nafuu kwa wakati mmoja, na nafuu ndiyo ilikuwa kubwa. Akawashukuru. Kisha akatazama chini, akitafuta alama ya kitu kilichomwagika, na ardhi ilikuwa kavu.

"Mama," akasema. "Mtindi mmeutia wapi?"

Ghati akamtazama kana kwamba ameuliza jua limetiwa wapi. Yeye aliyezaliwa nyumba hii hajui kwamba maziwa hayamwagwi? Kuta ndizo zilikuwa na ugonjwa, na maziwa hayakuwa na neno, si ndivyo alivyosema? Basi tangu alfajiri ya jana wanawake walikuwa wameutoa mtindi kwenye kuta mbaya kabla ugonjwa haujaufikia, wakautia kwenye chupa za chai na makopo safi, na kila mmoja akampelekea dada yake au shangazi yake, mbali, mahali ambapo kuvu haijafika. Wengine walikwenda Musoma, wengine Mwanza. Weisiko alivuka mpaka na kopo lake jana hiyo hiyo kwa pikipiki ya umeme. Mbegu huwekwa kwa jirani nyumba inapoungua. Vibuyu vipya vikikomaa, wataenda kuichukua.

"Na hili ni lako," akasema Ghati, akampa kopo la bati lililofungwa kitambaa safi. "Ukae nalo huko kwako. Wewe ndiye uliyetuokolea mbegu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wote tunalijua hilo. Robi alikuwa ameshika mikononi kitu ambacho kilikuwa hakijamwagika popote, na hakukuwa na namna ya kukizoa. Kopo lilikuwa na joto la mkono wa mama yake. Aliwaona bakteria wale wakifunguliwa kwenye meza za jikoni za miji asiyoijua, wakimiminwa kwenye maziwa mapya, wakinywewa na watoto na wazee, wakikutana tumboni mwao na bakteria wa homa na kuwaazima mkasi, leo Musoma na kesho ng'ambo, mpaka kila wodi iwe na kichanga ambaye homa yake haimsikii Ndama.

Wanawake walikuwa wakimngoja aseme ahsante.

Akasema. Safari hii hakutembea. Alisimama mahali pamoja, akasema kwamba kuvu haikuwapo. Akasema habari ya Ndama aliyelala ndani ya kasini, na madumu aliyoyaleta, na jinsi kibuyu kilivyomwamsha kabla ya wakati, na mkasi. Akasema kwamba juzi jikoni mama yake alimuuliza kuhusu maziwa naye alijua jibu na hakulitoa. Hakumtaja Elinami. Alifikiria kumtaja, akaona angekuwa anatafuta tena mlango ule ule.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamfungua, akamleta mbele, akamkumbatia kifuani kama mtu anayesikia mbwa wakali wakija.

"Na matone ya hospitali?" akauliza. "Yanatoka kwa ng'ombe hao hao?"

"Hao hao," akasema Robi. "Bado yanaponya wengi. Ningekuwa na mtoto mgonjwa ningempa."

"Juzi pia ulituambia maziwa hayana neno."

Yule mwanamke akamfunga mtoto wake mgongoni, akatoka uani bila kuaga, na wawili wakamfuata. Elinami alikuwa amesema kweli. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichowafikisha hapa.

Ghati alikuwa bado amesimama. Alinyoosha mikono akachukua kopo kutoka kwa binti yake, akakifungua kitambaa, akanusa kama alivyonusa maziwa ya nyumba ile maisha yake yote. Kisha akaenda mpaka kwenye makaa. Wanawake wawili waliona anachotaka kufanya, mmoja akainuka nusu kama wa kumzuia. Ghati akaumimina mtindi wote. Makaa yakachemka, moshi mzito ukapanda wenye harufu ya mtindi ulioungua, naye akalikung'uta kopo mpaka likakauka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, akimtazama Robi. Hapakuwa na hasira katika uso wake. Robi angeipokea hasira kwa mikono miwili. "Mimi ningeyamwaga siku ile ile, mwanangu. Ungeniambia tu. Nipe simu."

Alipiga Musoma, akapiga Mwanza. Wengine walipokea, wengine hawakupokea, mmoja alikuwa ameshatia mtindi kwenye ndoo ya maziwa ya kijiji kizima. Kila aliyepokea aliambiwa maneno yale yale machache, bila kuvu, bila kuta. Robi alikuwa amepiga magoti kando yake akimtafutia namba, na kila simu ilipoita bila kupokelewa aliliandika jina kiganjani ili lipigiwe tena.

Ya mwisho ilikuwa ya Weisiko. Iliita mpaka ikakata. Ghati akarudia. Safari hii ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya Weisiko wakasikia vicheko vya wanawake, na vikombe vikigongana, na mtu akisema kwamba mtindi wa nyumbani kwa mkwe una ladha ya peke yake.

Ghati akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Weisiko, mwanangu," akasema. "Weka kikombe chini. Maziwa yana neno."